Bi Hatari: Kioo Kilichopofuka

Wiki nzima mmenikalia shingoni na swali moja tu: ile saa imekuwaje? Haya, tulieni, nakwenda huko huko. Aliyechelewa nitamwokota njiani.

Bi Hatari alikuwa bado ameshika mkono wa binti yake pale kwenye kitanda cha zahanati ya chuo. Alikifuta kioo cha saa ya binti kwa kidole, ukungu haukutoka. Akakifuta kwa pindo la koti lake jeupe. Wapi. Akakipumulia, akasugua mpaka mkanda ukataka kukatika. Kioo kilikuwa kimepofuka kabisa, mishale ya saa haionekani.

"Mama, hayo maji yaliyonimwagikia hayaniumizi, unaniumiza wewe," binti alisema huku akicheka. "Hata hayawashi. Nina mtihani mchana, niache niende zangu."

"Saa hii uliivaa asubuhi ikiwa nzima?"

"Si umeninunulia mwenyewe juzi? Ilikuwa inang'aa."

Roho ikamruka mama wa watu.

Wageni wetu wajue kwamba huyu mama ndiye mkuu wa usalama wa maabara na afya ya mazingira kwa chuo kizima. Wanafunzi walimpachika jina la Bi Hatari kwa sababu haingii chumba bila kutangaza namna za kufa zilizomo mle. Wakimwona tu kwenye korido wanavuta miwani ya kujikinga kutoka kwenye mapaji ya nyuso na kuishusha machoni, na akishapita wanaipandisha tena, wanacheka. Leo aliyekuwa anacheka ni mwanawe peke yake.

Maana vitu vya maabara vinavyotafuna kioo ni vichache mno, na kimoja Bi Hatari alikijua vizuri kupita anavyowajua ndugu zake. Watu wa miamba wanakiita asidi ya kioo. Jiwe ukiliweka humo linayeyuka kama sukari. Asidi nyingine ikikumwagikia utapiga yowe papo hapo, utakimbilia bomba, utapona na kovu la kuwasimulia wajukuu. Hii haina papara. Ikiwa imezimuliwa kwa maji inapenya ngozini kimyakimya, haiumi, na wewe unakula na kupiga soga. Inasafiri mpaka mfupani. Ikifika huko ndipo inapobisha hodi, na baada ya mfupa inautafuta moyo.

"Daktari," Bi Hatari akaita, "hii ni asidi ya kioo. Pigia hospitali kuu, walete gari na sindano za kalsiamu sasa hivi."

Daktari wa zahanati alikuwa kijana mpole, wa kuogopa kumkwaza mtu. Akakuna kidevu.

"Nimeshampigia profesa mwenye maabara, mama. Anasema kwenye chupa iliyomwagika mlikuwa na siki ya kusafishia mawe."

"Siki haipofui kioo."

"Na mimi siwezi kumdunga mtu kalsiamu kwa ushahidi wa saa. Kama haihitaji, moyo wake utasimama mikononi mwangu. Hata hospitali kuu hawatatoa gari mpaka niwaambie amemwagikiwa na nini."

"Basi mpake ile dawa ya kupaka. Ile haina madhara kwa mtu yeyote. Itaizuia isifike mfupani wakati gari linakuja."

Daktari akamtazama kwa huruma.

"Dawa ipi, mama? Si uliiondoa wewe?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno lilimwingia Bi Hatari kama mwiba chini ya kucha.

Ni kweli aliiondoa. Mwaka alioipiga marufuku asidi ya kioo chuoni, alipita jengo hadi jengo akikusanya chupa zote, na nyuma yake akakusanya na tyubu zote za dawa yake. Alikuwa na hoja, na hoja yenyewe ilipigiwa makofi kikaoni. Alisema mtu akiiona dawa kwenye sanduku la huduma ya kwanza atajipa moyo, atasema si dawa ipo, ataileta asidi kwa mlango wa nyuma. Basi dawa ikaondoka. Asidi nayo ikarudi kwa mlango wa nyuma vilevile, ila sasa ikakuta masanduku matupu.

Akamgeukia binti yake.

"Nani alikupa hiyo chupa?"

"Baba Mkubwa. Alisema ni maji ya kuoshea mawe, nikayamwage kwenye sinki kabla wageni hawajafika. Yakaniruka kidogo, yakaingia chini ya mkanda wa saa. Mama, mbona umekuwa hivyo?"

Kwa mtoto ni maji, kwa daktari ni siki. Bi Hatari alimvua binti ile saa, akamsukumia mkono chini ya bomba, akamwambia asiuondoe hata akichoka. Kisha akamwambia daktari akae na simu karibu.

"Unakwenda wapi?" daktari akauliza.

"Kwa shemeji yangu. Anayekaa na nyoka ndani hakosi dawa ya sumu."

Baba Mkubwa, ambaye chuo kizima kinamwita Profesa Mawe, ni mume wa dada yake Bi Hatari wa tumbo moja. Baba wa yule binti alipofariki, ni huyu aliyemfundisha mtoto kuendesha baiskeli, akamshika mkono siku ya kwanza ya shule, akamvuta mpaka maabara yake. Mchana wa siku hiyo alikuwa anasimikwa kuwa Makamu Mkuu wa Chuo. Viti vilikuwa vimeshapangwa uwanjani, watu wanajaribu vipaza sauti. Na kabla ya sherehe, wageni wangetembezwa kwenye maabara iliyompa sifa.

Alimkuta amevaa suti nyeusi, anajitazama kwenye kioo cha kabati na kurekebisha tai.

"Shemeji," akasema bila kugeuka. "Umekuja kunipongeza mapema?"

Bi Hatari alikuwa anatazama kando ya sinki. Profesa Mawe alikuwa mtu wa kuandika majina. Kila chupa ya kioo mle ndani ilikuwa na jina lake kwa mwandiko safi, hata kikombe chake cha chai kimeandikwa CHAI. Chupa moja tu pale ilikuwa ya plastiki, na haikuwa na jina. Robo yake ilikuwa bado imejaa.

"Hii ni nini?"

"Siki."

"Umemwambia mtoto ni maji."

"Maji yenye siki. Mbona unanihoji kama mwizi?"

"Kwa sababu yametafuna kioo cha saa, shemeji. Niambie ukweli, halafu nipe dawa. Najua unayo. Sitamwambia mtu mwingine zaidi ya daktari."

Profesa aliacha tai. Akaenda akaufunga mlango, akarudi taratibu.

"Hajalia," akasema kwa sauti ya chini. "Hajavimba. Mkono wake ni mzima, nimemwona anaondoka. Mwache mpaka jioni. Nikishasimikwa, nitampeleka mwenyewe hospitali unayoitaka."

"Jioni?"

"Saa chache tu, mama, unakosa nini?"

Hapo Bi Hatari akajua kila kitu. Mtu wa siki hana sababu ya kutaja jioni. Huyu alijua maumivu yanaanza lini, alikuwa ameshapiga hesabu yake na akaona sherehe itakuwa imekwisha.

"Jioni itakuwa mfupani. Utakuwa umemmaliza mkono."

"Si wa kushoto huo?" Profesa akauliza. "Anaandikia wa kulia."

Nimeandika hadithi hizi miaka mingi, wasomaji wangu, na nimewaletea wauaji wa kila sura. Sijawahi kukutana na aliyesema jambo kama hilo huku akipangusa vumbi kwenye mkono wa koti.

Bi Hatari alivaa glavu alizokuwa nazo mfukoni, akaichukua ile chupa, akaenda nayo sinki, akampa mgongo. Akafungua bomba.

"Hapo sasa umetumia akili," Profesa akasema nyuma yake. "Imwage yote. Suuza na chupa."

Hakuimwaga, maana sinki zile zinatiririka mpaka kwenye mfereji unaonywesha bustani za watu. Aliisogeza pembeni ikiwa na kifuniko chake. Palikuwa na kikombe cha plastiki juu ya rafu, akakijaza maji ya bomba, akalifunga bomba, akarudi na kikombe hicho mpaka mbele ya shemeji yake.

"Siki hii," akasema. "Haina neno."

Akammwagia yote mkononi.

Mlio uliotoka kwa Makamu Mkuu mtarajiwa sitausahau. Alirukia nyuma, akagonga meza, akang'oa koti lake mpaka vifungo vikaruka.

"Asidi ya kioo! Umeniua, mwanamke wewe, ni asidi ya kioo!"

Akaanguka magotini mbele ya droo ya chini kabisa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, ndani ya shati, kama hirizi. Droo ikafunguka, na humo ndani mlikuwa na chupa nyingine mbili za plastiki na tyubu moja nyeupe. Akauma kifuniko kwa meno, akakitema, akaanza kujikamulia dawa mkononi.

Nisiwafiche, Bi Hatari alifurahi. Alisimama pale na kikombe kitupu akamtazama msomi mzima anavyotetemeka na kulia makamasi, na moyo wake ukatulia tuli. Ametaja jina, dawa imeonekana, mwanangu amepona. Laiti angeishia kufurahi kidogo tu, angeona mapema kilichokuwa kinatokea.

Profesa alikuwa anaikamua tyubu yote. Alianzia kiganjani, akapanda kwenye vidole, akashuka mpaka kifundoni, nene kama mkate uliopakwa siagi. Tyubu ilikuwa imekunjamana, na yeye bado anaivingirisha kuanzia mkiani kuitoa ya mwisho.

"Basi," Bi Hatari akasema. "Acha. Nimekumwagia maji. Ni maji ya bomba hayo."

Mkono wa Profesa ukasimama.

Akaunusa. Akamtazama Bi Hatari, akaitazama chupa kando ya sinki, ina kifuniko chake na robo yake ipo pale pale. Taratibu akavuta pumzi, akajipangusa pua kwa mkono mwingine, akasimama.

"Maji," akasema.

"Maji. Nipe huo mkono niikwangue dawa. Haraka, shemeji, bado inafaa."

Badala ya kumpa mkono, Profesa Mawe alipiga hatua mpaka kwenye sinki. Akauweka mkono wenye dawa chini ya bomba, na ule mwingine akaushika juu ya koki.

"Imebaki hii tu chuo kizima," akasema. "Nadhani unajua, maana ni wewe uliyezikusanya nyingine. Mpigie daktari."

"Namwambia nini?"

"Mwambie ukweli, kwamba ni asidi ya kioo. Mtoto atibiwe, mimi si mnyama. Ila asidi ni yako. Uliikusanya wakati wa marufuku, nyingine ukaimimina kwenye chupa zisizo na jina, ukaziacha kwenye maabara yangu kwa uzembe. Mimi sikujua kitu. Nilidhani ni siki."

"Nitakana kesho."

"Kana. Mama aliyekiri leo akikana kesho, nani atamsikiliza?" Akaigusa koki. Tone moja likadondoka kwenye dawa, likachimba kishimo. "Mpigie, shemeji. Mimi sina haraka. Sherehe yangu ni mchana."

Bi Hatari alitazama lile tone. Alifikiria kumrukia. Lakini koki ilikuwa kiganjani mwa yule bwana, na kuizungusha hakuhitaji hata nguvu za mtoto. Akatoa simu.

Daktari akapokea mara moja.

"Ni asidi ya kioo," Bi Hatari akasema. "Ita gari. Andaa sindano. Nakuletea dawa ya kupaka."

"Nani kasema? Profesa aliniambia..."

"Profesa hakujua."

"Sasa nani anajua?"

Profesa akainua nyusi, kidole kwenye koki.

"Mimi," Bi Hatari akasema. "Asidi ni yangu. Niliikusanya mwenyewe wakati wa marufuku, nikaiweka kwenye chupa isiyo na jina. Nikaisahau pale. Ni mimi."

Ndipo akasikia maji yanatiririka kwenye simu, na mtu anahema karibu. Daktari alikuwa ameshika mkono wa mgonjwa kwa mikono yake yote miwili. Simu alikuwa ameiweka mezani, kwa sauti ya juu.

"Mama?" binti akaita.

Bi Hatari alikata simu. Hakuwa na la kumwambia ambalo Profesa hatalisikia.

Profesa akampa mkono kwa heshima zote. Bi Hatari akaukwangua kwa rula ya plastiki, akikusanya dawa kwenye kikombe kilekile.

"Na hapa katikati ya vidole," Profesa akamwelekeza. "Usiache. Utafukuzwa kazi, hilo siwezi kulizuia, lakini jela hutakwenda. Nitakuombea huruma mimi mwenyewe, nikishasimikwa."

Mama wa watu hakugeuka kumtazama. Alikimbia kupita uwanja wa sherehe, amekumbatia kikombe, na wanafunzi waliomwona wakashusha miwani yao na kuguna kwa kicheko kama kawaida.

Maumivu hayakusubiri jioni. Bi Hatari alimsikia binti akiugulia kabla hajafika mlangoni. Binti alikuwa amejikunja kitandani, shuka ameiingiza mdomoni, vidole vya mkono wa kushoto vimekuwa vyeupe kama vya maiti. Daktari alikuwa anavaa viatu haraka haraka.

"Gari la hospitali kuu limefika getini, walinzi wanalizuia kwa ajili ya msafara wa wageni," akasema, hamtazami usoni. "Nakwenda kulivusha. Mpake hiyo dawa, usiache hata kidogo kusugua."

Akatoka mbio. Bi Hatari akachovya vidole kwenye kikombe.

"Nipe mkono, mwanangu."

"Usiniguse."

"Hii ni dawa, mama. Nipe kidogo tu."

"Nimesikia kila kitu." Binti aliurudisha mkono kifuani, machozi yanamtoka bila sauti. "Kila siku unawafokea watoto wa watu. Andikeni jina kwenye chupa, andikeni jina. Mimi nikiwa mdogo ulinichapa kwa kutia maji kwenye chupa ya dawa. Halafu wewe..."

"Sikiliza, si hivyo ilivyokuwa. Nilisema vile ili..."

"Ili nini? Unataka kumsingizia nani sasa?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Bi Hatari. Lakini kila neno ambalo angelibishania, asidi ilikuwa inasonga mbele. Akamshika mkono kwa nguvu. Binti akapiga yowe, akampiga teke, kikombe kikayumba, kidogo dawa imwagike yote sakafuni.

"Nitajipaka mwenyewe kwa sumu kabla sijakuacha wewe unipake," binti akalia. "Mwiteni Baba Mkubwa. Ndiye pekee anayenipenda humu. Mwiteni yeye."

"Nipo hapa, mwanangu."

Alikuwa amesimama mlangoni, suti imefungwa kwa vifungo vilivyobaki, tai imenyooka, mkono umeoshwa. Alikuwa amekuja kuhakikisha maneno yanabaki kama yalivyosemwa. Akamwendea Bi Hatari, akanyoosha kiganja.

"Nilete, shemeji. Nitampaka mimi."

Bi Hatari alimtazama, kisha akavitazama vile vidole vyeupe. Angebaki na kikombe, mtoto asingekubali kupakwa. Angekitoa, angekuwa amemkabidhi mtoto kwa mtu aliyekwisha kuhesabu mkono wake kuwa ni wa kushoto. Binti alikuwa anamkodolea macho ya chuki ambayo hakuwahi kuyaona kwake.

Akakitoa kikombe.

"Msugue kwa nguvu," akasema. "Nakuomba."

"Kaa nje, mama," binti akasema. "Sitaki kukuona."

Akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake. Akabaki ameegemea ukuta wa korido, sikio kwenye ubao wa mlango, akisikia binti anavyougulia na ile sauti ya Profesa ya kubembeleza. Pole, mwanangu. Kidogo tu. Kumbe anapaka kweli. Bi Hatari akafumba macho, na kwa mara ya kwanza siku ile akavuta pumzi yote.

"Baba Mkubwa," binti akasema ndani, sauti nyembamba, kama mtu anayekumbuka kitu. "Mbona asubuhi wewe ulivaa glavu, juu yake ukavaa nyingine, halafu mimi ukanipa chupa nikiwa mikono mitupu?"

Kusugua kukakoma.

Bi Hatari akasubiri jibu. Badala yake akasikia hatua za viatu zikija mpaka mlangoni, na ufunguo ukazungushwa kwa ndani.